Simu ya Saa Saba Kasorobo

Jumatatu, 26 Februari

Kabla hatujatawanyika kwenda kwenye mafunzo ya vitendo, mwalimu wetu wa uandishi wa habari alitupa kazi mbili: ripoti ya kila wiki kwa ajili yake, na daftari kwa ajili yetu wenyewe. "Kwenye ripoti mtanidanganya, nawajua," alisema. "Kwenye daftari msijidanganye." Darasa zima lilicheka. Mimi niliyaandika maneno hayo, na leo naanza.

Kituo cha redio ni vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari. Chumba cha kwanza ni cha habari: meza tatu, simu moja ya mezani, kompyuta mbili ambazo hazipendi kuwaka pamoja. Cha pili ni studio. Kuta zake zimebandikwa trei tupu za mayai ili sauti isirudi, na mlango wake umevalishwa blanketi.

Mhariri anaitwa Bosi na kila mtu. Ana kipara na hutafuna njiti ya kiberiti mpaka iwe ufagio.

"Umefundishwa nini huko chuoni?" aliniuliza.

"Kuandika habari, kuhoji, na kuhakiki vyanzo."

"Na chai?"

Wote walicheka. Baadaye aliniambia nisinune, naye alianzia kwenye chai, tena yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

Nimekutana pia na mtangazaji wa taarifa ya saa saba mchana, yule ambaye shangazi yangu ninayekaa kwake husimamisha cherehani ili amsikilize. Mjini wanamwita Sauti. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, kisha akaona ninavyoandika kila kitu. "Marahaba, Daftari," akasema. Sasa ndilo jina langu.

Ijumaa, 1 Machi

Mvua ya kwanza. Paa lilipiga kelele mpaka taarifa ya saa saba haikusikika. Fundi mitambo alisema mvua nayo ina kipindi chake, tuiachie hewa.

Jumanne, 5 Machi

Kila asubuhi napiga simu mbili, polisi kisha chumba cha maiti, na kuandika watakachonisomea. Bosi anaita hiyo "kukama ng'ombe". Leo: ajali moja, nyumba moja imeungua, mume amemkata mkewe kwa panga kwenye bega. Mkuu wa zamu aliyasoma yote kwa sauti moja kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeona mtu akiuawa.

Nilitumwa stendi kuuliza nauli mpya. Kulikuwa na duara la watu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni mchezo. Katikati alikuwa kijana mwenye shati la bluu. Walikuwa wanampiga kwa mkanda wa feni ya gari, kwa mawe, kwa chupa. Mwanamume mmoja aliyeshika begi la ofisini alilikabidhi kwa mwenzake, akakunja mikono ya shati, akaingia, akapiga teke mara tatu kichwani, akatoka, akachukua begi lake. Walisema ameiba simu, lakini sikuona simu yoyote. Nilimuuliza mama mmoja ni nani aliyeibiwa, akasema, "Sijui, ila wezi wamezidi."

 Kisha nikarudi ofisini nikaandika. Niliandika "kijana anayetuhumiwa kuiba simu". Bosi alikata maneno matatu, akaweka "mwizi wa simu".

"Lakini Bosi, nani amesema ni mwizi?"

"Amekufa, huwezi kumuuliza. 'Mwizi' ni fupi, na Sauti hapotezi pumzi."

Sauti aliisoma vizuri sana. Naandika hivi kwa aibu: nilipoisikia sentensi yangu katika sauti ile, nilifurahi.

Ijumaa, 8 Machi

Wasikilizaji thelathini na mmoja walipiga simu kuhusu tukio la stendi. Ishirini na tisa walipongeza. Mmoja aliomba wimbo. Mmoja alilia tu, kisha akakata.

Jumatatu, 11 Machi

Mnoa visu alipita kwetu leo asubuhi, na shangazi akampa mikasi yake miwili ya kushonea. Huyu mzee hugeuza baiskeli yake juu chini, hulifunga tairi la nyuma kwa mkanda kwenye jiwe la kunolea, kisha huzungusha pedali kwa mkono mmoja. Visu vya wateja hukaa kwenye gunia. Akimaliza, hukata uzi mmoja hewani ili uone.

"Dada, huu mkasi ulikuwa unakata kitambaa au unakitafuna?" alimuuliza shangazi.

"Noa, acha maneno."

"Nanoa vyote viwili."

Alinisifu kwa kwenda redioni. Alisema hana redio, lakini barabara nzima humsomea taarifa akipita.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Saa kumi na moja jioni mama mmoja alipanda ngazi zetu akiwa amelowa mpaka mifupani. Binti yake wa miaka sita hajarudi kutoka shule. Aliondoka shuleni saa tisa, ana begi jekundu na viatu vya kaka yake. Mama alirudia "viatu vya kaka yake" mara nne, kana kwamba kwa viatu hivyo hawezi kuwa amefika mbali.

Niliandika tangazo. Sauti aliweka mkono begani kwa yule mama kabla ya kulisoma. Nilimheshimu kwa hilo.

Ijumaa, 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Mji wote ulikesha ukimtafuta mtoto. Asubuhi watu walikuwa wamekwishaanza kusema ameibwa. Bosi alitaka habari mpya kwa taarifa ya saa saba, na hatukuwa nayo.

Saa saba kasorobo simu ya mezani ililia. Nilipokea mimi.

"Redio?"

"Ndiyo, karibu."

"Yule mtoto. Jana alikuwa na mnoa visu, hapa kwenye daraja la bomba. Gunia lilikuwa limejaa, baiskeli inayumba."

"Umemwona wewe mwenyewe? Naomba jina lako, kaka."

"Mimi raia mwema, dada. Fanyeni haraka." Akakata.

Nilikumbuka darasani: chanzo kimoja hakitoshi. Nilijisikia hodari kwa kukumbuka. Ukutani kuna namba ya mwenye duka la pale darajani, kwa sababu hutuletea matangazo yake. Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Ni kweli mnoa visu alionekana hapo jana na mtoto?"

"Kweli kabisa. Alikuwa na mtoto. Hapa habari ndiyo hiyo."

Sauti alikuwa mlangoni mwa studio akinionyesha vidole vitatu: dakika tatu, habari iwe mkononi mwake. Bosi akaniuliza, "Vyanzo vingapi?"

"Viwili."

"Safi. Andika."

Niliandika: "Taarifa za kuaminika zinasema mtoto huyo alionekana mara ya mwisho akiwa na mwanamume anayenoa visu kwa baiskeli, karibu na daraja la bomba." Sikuweka "inadaiwa". Bosi huikata kila mara, nami nimejifunza kumrahisishia kazi.

Saa saba na dakika arobaini wasikilizaji walipiga simu kusema wamemkamata. Bosi alinipa kinasa sauti, fundi mitambo akanipakia kwenye pikipiki.

Walikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Watu zaidi ya mia, mvua inanyesha, na kelele zao hazikuwa za hasira kama nilivyodhani zingekuwa; zilikuwa kama za watu wanaosukuma gari lililokwama. Mnoa visu alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Gunia lake lilikuwa limemwagwa, na wengine walikuwa wanampigia visu vile vile alivyovinoa, kwa ubapa, halafu si kwa ubapa tena. Kijana mmoja alichomoa jiwe la kunolea kutoka kwenye baiskeli, akaliinua kwa mikono miwili, akalishusha kwenye mkono wa kulia wa mzee. Nilisikia mfupa. Taya lake lilikuwa limekaa upande. Kila alipotaka kusema, damu ilitoka badala ya maneno. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni aliokota jiwe, akarusha, akamweka mtoto vizuri, akainama kutafuta lingine.

Mtu alikuwa ameshika redio ndogo juu ya kichwa chake. Sauti alikuwa anarudia muhtasari. Maneno yangu yalikuwa yanatoka mle, moja moja, wazi kabisa, na kila yalipofika kwenye "anayenoa visu" watu walipiga.

Aliniona. Alikuwa na jicho moja lililobaki wazi, nalo lilinijua. Akaninyooshea mkono wake uliobaki mzima.

Mimi nilimnyooshea kinasa sauti.

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Niliogopa kwamba nikisema neno moja wataniuliza wewe ni nani wake.

Polisi walikuja na kufyatua risasi hewani. Watu walikimbia huku wakicheka. Walimtupa mzee nyuma ya gari kama gunia lake.

Nina dakika nne na nusu za kilio chake. Bosi alirusha nusu dakika.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa ameifunika ile mikasi kwa gazeti. "Na mimi nilimkaribisha hapa mlangoni!" alisema. "Redio isingesema, tungejuaje?"

Jumapili, 17 Machi

Mtoto amepatikana. Alikuwa kwenye mtaro nyuma ya shule yake, chini ya kalavati. Begi jekundu lilikuwa limenasa kwenye nondo. Mfuniko wa kalavati uliondolewa na maji. Daktari wa polisi anasema hana jeraha la kisu wala la mkono wa mtu. Alizama. Alikuwa na kiatu kimoja.

Daraja la bomba liko upande mwingine wa mji.

Jumatatu, 18 Machi

Taarifa ya leo: "Mwili wa mtoto wapatikana, mshukiwa bado yuko hospitali." Bosi ndiye aliyeiandika. Mambo yote mawili ni kweli. Ukiyaweka kwenye sentensi moja yanakuwa uongo. Sikuwahi kufundishwa kwamba hilo linawezekana.

Mjini wanasema alimtupa mtaroni.

Jumatano, 20 Machi

Mke wa mnoa visu alikuja. Ni mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani sawasawa, sauti ya chini. Alisimama mbele ya meza ya Bosi mpaka Bosi akatoa njiti mdomoni.

Alieleza kwa ufupi. Mlango wake umevunjwa. Binti zake wawili wamefukuzwa kisimani. Majirani wamemwambia mumewe akirudi watamalizia walipoishia. Polisi hawana mashtaka, wamekwishamwondoa askari pale wodini, lakini hawatangazi, kwa sababu hawakuwahi kutangaza kwamba wanamshtaki.

"Nyinyi ndio mlimtaja," alisema. "Mlimtaja saa saba, kwa mdomo wa yule baba. Mtoeni lawamani saa saba, kwa mdomo ule ule. Sihitaji pole."

"Mama, polisi wakitoa tamko rasmi tutalisoma."

"Tamko mlilosoma siku ile lilitoka polisi?"

Bosi aliniangalia. Nilikuwa naangalia simu ya mezani.

Alipoondoka Sauti alisema yule mama angefaa kuwa wakili. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Nilikama ng'ombe. Sikuandika chochote kingine.

Jumatatu, 25 Machi

Kwenye ripoti ya mwalimu nimeandika kwamba wiki hii nimejifunza kuhariri sauti. Sasa naelewa alichosema kuhusu ripoti na daftari.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda dukani darajani. Nilivaa buti za shangazi, maji yalikuwa yamefika kizingitini. Mwenye duka alifurahi kuniona, alidhani nimekuja kuhusu tangazo lake la sabuni.

"Mzee, siku ile ulimwona mnoa visu na mtoto?"

"Mimi? Ningemwonaje? Macho yangu yanaishia hapo kwenye mizani."

"Lakini uliniambia ni kweli kabisa."

"Si aliyewapigia alikuwa hapa! Alisimama pale pale uliposimama, alikuja kununua betri. Akaongea na nyinyi, akakata, akaniambia mzee, yule mnoa visu kaonekana na mtoto. Dakika haijapita, ukanipigia wewe. Nikajua redio nayo imethibitisha, maana umeniuliza kwa kumtaja. Ningesemaje hapana?"

"Na yeye alimwona?"

"Alisema kasikia kwa mafundi baiskeli kwamba mnoa visu alipita. Mtoto sijui alimtoa wapi. Kila mtu siku ile alikuwa na mtoto mdomoni."



Kwa hiyo sikuwa na vyanzo viwili. Nilikuwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya kaunta na mwingine aliyesimama nyuma yake. Na huyu wa pili nilimpa jibu ndani ya swali langu. Kama ningemuuliza tu, "Umejuaje?", neno moja, mzee angeniambia. Yeye si mwongo. Nilikuwa na dakika tatu, na neno lile linachukua nukta mbili.

Niliomba kurekodi maelezo yake. Alikubali, ila alitaka nitaje na sabuni.

Jumanne, 2 Aprili

Wodi ya wanaume ina vitanda ishirini na wagonjwa thelathini na tano. Mnoa visu yuko wa mwisho, karibu na dirisha. Taya limefungwa kwa waya. Mkono wa kulia umekatwa chini ya kiwiko. Sikuwa nimeambiwa hilo. Ni mkono uliokuwa unashika kisu kwenye jiwe.

Mkewe alikuwa anamnywesha uji kwa mrija. Alisema daktari ameamua: Jumamosi anatoka, vitanda vinahitajika.

"Nimewaomba wamwache wiki moja. Wamesema hapa si gesti. Tutakwenda wapi? Nyumba ni ile ile, majirani ni wale wale. Jana wanawake wa mtaani wamenipigia kuniuliza saa atakayofika. Kisha wakakata."

Niliketi ukingoni mwa kitanda cha jirani. Nilisema, "Baba, ni mimi niliyepokea simu. Ni mimi niliyeandika. Sikuhakiki."

 Hakufanya kitu chochote kama watu wanavyofanya kwenye tamthilia za redio. Aligeuza uso ukutani.

Mkewe aliupangusa mrija. "Haya, kwetu umesema," aliniambia. "Sasa kaseme kule tulikotajwa."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimefanya kazi siku mbili kama nilivyopaswa kufanya dakika tatu zile.

Mpishi wa shule ya bweni, upande wa mashariki, anasema siku mtoto alipopotea mnoa visu alikuwa jikoni kwake akinoa visu vya shule nzima, ishirini na sita, kuanzia saa nane mpaka mvua ilipopungua. Nilimuuliza amejuaje ni siku hiyo. Alinionyesha kovu kwenye kidole gumba, alijikata kwa kisu kilichotoka kunolewa na muuguzi wa shule akamwandikia tarehe. Mlinzi wa getini haongei na mpishi, wamegombana tangu mwaka jana kuhusu ukoko. Kitabu chake cha wageni kinaonyesha mnoa visu aliingia saa nane na dakika kumi, akatoka saa kumi na moja na nusu. Kuna alama ya dole gumba kwenye kuingia na kutoka.

Nilimpelekea Bosi picha za kitabu, sauti ya mpishi, sauti ya mwenye duka. Na karatasi niliyoandika.

Alisikiliza yote. Alikuwa na njiti mbili mdomoni.

"Hii ya mwenye duka inatuvua nguo hadharani," alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Chuo chako kitasikia. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye simu."

"Ndiyo. Nimejitaja, sentensi ya tatu."

"Unajua tatizo la kusahihisha? Ukisahihisha moja, watauliza na zile nyingine."

"Zipi, Bosi?"

 Nilimfikiria yule kijana wa shati la bluu, na nadhani naye alimfikiria, kwa sababu aliacha kutafuna. Nimekuwa nikimwona kama mtu asiyejali. Leo nimemwona kama mtu aliyejali zamani, akachoka.

Alichukua kalamu. Nilidhani atakata. Aliandika juu ya karatasi: "Kesho, saa saba, habari ya kwanza."

Ijumaa, 5 Aprili

Sauti aliisoma. Saa saba kamili, habari ya kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo.

Nilikuwa nimeandika: "Kituo hiki kilikosea. Mnoa visu hakuwa na mtoto huyo."

Alisoma: "Inadaiwa kwamba huenda kituo hiki kilikosea. Inadaiwa mnoa visu hakuwa na mtoto huyo." Sentensi ya tatu, ile yangu, aliiruka. Kisha akaingia kwenye bei ya mafuta.

Nilimngoja mlangoni. Sijawahi kumpandishia mtu mzima sauti, leo nilimpandishia.

"Siku ya kumtaja hukusema inadaiwa!"

"Siku ile hukuandika, Daftari."

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akanipa nisome. Ujumbe ulikuwa umeingia saa sita na nusu, namba asiyoijua: *Tumesikia leo mnamsafisha. Nyumba yako yenye geti la kijani tunaijua.*

"Nina watoto watatu nyuma ya geti hilo," alisema. Sauti ile kubwa ilikuwa imepungua ikawa ya mtu yeyote. "Nimeisoma, sijaisoma, sijui. Niache."

Nilimwacha. Nimejaribu kumchukia jioni nzima, nimeshindwa, na hasira haijapata pa kwenda.

Nyumbani shangazi alikuwa amesimamisha cherehani. "Sasa mbona redio yenyewe haina uhakika?" aliniuliza. "Alifanya au hakufanya?"

"Hakufanya, shangazi."

"Basi kwa nini wasiseme hivyo?"

Jumamosi, 6 Aprili

Niliondoka asubuhi na karatasi yangu ya awali ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia. Alisema sivuki mlango ule. Nikavuka. Nilipofika kwenye kona nilisikia hatua zake nyuma yangu, ameshika mwavuli, anasonya.

"Nikifa leo nani atamalizia sare za shule?" alisema. Hakugeuka kurudi.

Mtaa wa mnoa visu ni kichochoro kimoja kirefu chenye tope, nyumba pande zote mbili, mtaro katikati. Watu walikuwa wametoka nje. Ilikuwa mvua ya rasharasha na hakuna aliyekuwa na kazi ya kufanya nje, lakini walikuwa nje. Karibu na kila mlango kulikuwa na kirundo kidogo cha mawe, yamepangwa vizuri, kama ya ujenzi.

Nilisimama mbele ya mlango uliovunjwa. Shangazi alifungua mwavuli, akaushika juu ya karatasi, si juu yangu.

Nilisoma. Mwanzoni sikusikika. Mwanamume mmoja alisema, "We mtoto, sema au nenda." Nikasoma tena kutoka juu.

"Kituo hiki kilikosea. Mnoa visu hakuwa na mtoto huyo. Mimi ndiye niliyepokea simu, mimi ndiye niliyeandika, na sikuuliza aliyeniambia amejuaje." Nikasoma kuhusu duka la darajani. Nikasoma kuhusu mpishi, visu ishirini na sita, kitabu cha mlinzi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nikasoma maneno ya daktari kuhusu mtoto, na mfuniko wa kalavati.

Jiwe la kwanza lilinipiga begani. Sikuona limetoka wapi. Karatasi ilianguka kwenye tope, shangazi akaiokota, akaipangusa kwa gauni lake, akanirudishia.

"Endelea," alisema, meno yakiwa yamekaza.

"Umelipwa nini?" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Sijalipwa, mama. Nimekosea."

"Redio jana imesema inadaiwa!"

"Redio imesema hivyo kwa kuogopa. Mimi pia naogopa. Hakufanya."

Jiwe la pili lilipasua kioo cha dirisha nyuma yangu. Kipande kilinikata chini ya sikio, nikasikia joto likishuka shingoni. Nikasoma mara ya tatu. Sasa nilikuwa sihitaji karatasi. Niliwatazama mmoja mmoja, nikamwona yule mwanamke wa kiwandani, mtoto wake bado mgongoni, jiwe mkononi. Nilipofika kwenye "alama ya dole gumba kwenye kuingia na kutoka", aliuliza, si kwa kelele, "Gumba la mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

Alitazama chini. Wote walikuwa kiwandani siku ile. Wote waliona jiwe la kunolea likishuka.

Wakati huo mkokoteni uliingia mwanzoni mwa kichochoro. Mke wa mnoa visu alikuwa anausukuma, binti zake wawili wameshika pande. Mzee alikuwa amelala juu ya godoro la hospitali, amefunikwa turubai, uso wazi kwenye mvua. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Hakuna kelele nyingine iliyosikika mtaani, ila gurudumu lile na mimi, kwa sababu sikuacha kusoma. Niliogopa kwamba nikinyamaza, mtu atajaza ule ukimya.

Walipita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye mtaro mkokoteni ulikwama. Mama alisukuma mara moja, mara mbili. Kulikuwa na wanaume sita hatua mbili kutoka pale. Mmoja wao alikuwa na jiwe, akalihamishia mkono wa kushoto, kisha akalirudisha kulia. Shangazi aliuacha mwavuli ukapeperuka, akaenda akashika upande wa nyuma, na mkokoteni ukavuka.

Mzee aliniangalia alipofika mlangoni kwake. Safari hii hakugeuza uso. Sitaandika kwamba amenisamehe, kwa sababu sijui.

Wakaingia. Mkewe aliegemeza mlango uliovunjika mahali pake, kwa ndani.

Hakuna aliyemsaidia kusukuma isipokuwa shangazi yangu. Hakuna aliyerusha jiwe baada ya mkokoteni kuingia. Nimeandika yote mawili kwa sababu yote mawili yametokea, na Jumatatu nitampelekea Bosi kama yalivyo. Mawe bado yapo kwenye milango. Tulipokuwa tunaondoka, yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa ameshika lake bado, amesimama peke yake kwenye mvua, akitafuta mahali pa kuliweka.